Ukiletewa Upanga wa Burma

Mtu akishajulikana Kitale au Bungoma kwamba anapenda vitu vya zamani, simu huanza kuingia. Leo ni saa ya ukutani, kesho ni cherehani ya enzi za mkoloni, halafu siku moja mtu anapiga kwa sauti ya chini: kuna upanga wa Mjapani, ulikuja na mzee kutoka Burma, bei ni elfu themanini lakini tunaweza kuongea. Makala haya ni ya msomaji ambaye simu kama hiyo inamkosesha usingizi, ila mfuko wake haujajaa. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: soma chuma kwanza, kisha karatasi, na hadithi uisikilize mwisho. Muuzaji atataka ufuate njia iyo hiyo kwa kinyume, na ana sababu zake.

Hadithi yenyewe si ya kubezwa. Vijana wengi wa magharibi mwa Kenya walijiunga na Keya, jeshi la KAR (King's African Rifles), katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa beji yenye kichwa cha kifaru, iliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika, matope yakifika magotini na magonjwa kama malaria yakiangusha watu wengi kuliko risasi. Kikosi cha 11 cha KAR kutoka Kenya kilikuwa humo. Desemba mwaka huo divisheni ilikuwa imeufikia mto Chindwin pale Kalewa, ambako wahandisi walitandaza daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la urefu wa mita 350 hivi. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa mmoja wa Wakenya waliopigana Burma. Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake alikwenda huko, huna sababu ya kumkatalia.

Ila upanga haukuwa kitu cha kila askari wa Kijapani. Askari wa kawaida alikuwa na bunduki na singe. Upanga ulivaliwa na maofisa na baadhi ya masajini. Tena panga nyingi hazikuokotwa vitani, zilisalimishwa baada ya vita kwisha. Mwaka 1945 Jenerali Slim, aliyeongoza jeshi la Burma, alishikilia kwamba kila ofisa wa Kijapani aukabidhi upanga wake mbele ya wanajeshi wake mwenyewe, ingawa Jenerali MacArthur wa Marekani alitaka jambo hilo liachwe. Upanga wa Jenerali Kimura, mkuu wa Wajapani huko Burma, uliishia nyumbani kwa Slim. Wakati huo Divisheni ya 11 ilikuwa imeondolewa mstari wa mbele miezi mingi, na waliogawiwa panga zile walikuwa hasa maofisa, yaani Wazungu. Koplo wa kutoka Kimilili kupanda meli na upanga wa ofisa begani si jambo lisilowezekana. Ni adimu tu.

Ndiyo maana Trans Nzoia inanivutia zaidi kuliko vijiji vya wanajeshi. Eneo hili lilijazwa maofisa wastaafu wa Kiingereza waliopewa mashamba baada ya vita vya kwanza, na wengine wakaja baada ya vya pili. Walipoanza kuondoka karibu na uhuru, vyombo vya nyumba vilipigwa mnada au vikaachiwa wafanyakazi. Upanga uliotoka dari ya nyumba ya shamba una njia fupi zaidi ya kueleweka kuliko uliotoka chini ya kitanda cha askari, ingawa muuzaji anajua kuwa hadithi ya askari inauza vizuri zaidi.

Kabla hujafika kwa Mjapani, ondoa wengine wanaofanana naye. Simi ya Kimaasai utaitambua mara moja: haina kikingio cha mkono, ala yake ni ya ngozi, kwa kawaida nyekundu. Upanga wa Habeshi ni mtego mkubwa zaidi, na huku kwetu una haki ya kuwepo kuliko wa Kijapani, kwa sababu Keya walipigana Ethiopia hadi Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Ule unaoitwa shoteli umepinda sana mithili ya mundu. Ule unaoitwa gurade una bapa ambalo mara nyingi lilifuliwa Ulaya, na unaweza kukuta simba mwenye taji na maandishi ya Kiamhari. Ukiona hayo usisikitike. Una kitu kizuri, huenda cha karibu zaidi na historia ya eneo lako, na huna haja ya kukibatiza jina la Kijapani.

Halafu kuna mapambo: panga za kuning'iniza ukutani, za chuma kisichoshika kutu, zinazong'aa kama sufuria mpya. Watu huzipima kwa sumaku na kudanganyika, maana chuma hicho kinaweza kuvutwa na sumaku vilevile. Angalia ndani ya mpini badala yake. Ukikuta bapa pana limeishia ghafla na kuunganishwa na fimbo nyembamba yenye skrubu mwishoni, huo haukufuliwa kwa ajili ya vita vyovyote.

Sasa tuseme kilichobaki kinaonekana cha Kijapani kweli. Swali la kwanza ni kama ni upanga wa ofisa au wa sajini, kwa sababu vipimo vyao havifanani. Ofisa alijinunulia upanga wake, na hata aliweza kuchukua bapa la ukoo wake na kulivalisha mpini na ala za kijeshi. Kwa hiyo panga za maofisa hutofautiana sana, na zile za mitindo ya 1934 na 1938 ndizo nyingi: maua ya mcheri kwenye vyuma vya mpini, kamba iliyosokotwa kupita juu ya ngozi ya samaki taa, ala ya bati iliyopakwa rangi ya hudhurungi au kijani cha jeshi. Upanga wa sajini, mtindo wa 1935, ulikuwa mali ya serikali. Mali ya serikali hupigwa namba. Utaikuta kwenye bapa karibu na kikingio na tena kwenye ala, na upanga wenye namba zinazolingana una thamani kuliko uliovalishwa ala ya mwenzake.

Mpini wa upanga huo wa sajini ni wa aluminiamu (mipini ya mwanzo ilikuwa ya shaba) uliokalibiwa ukafanana na kamba iliyosokotwa, kisha ukapakwa rangi. Hapo ndipo mafundi wa bandia hujikwaa. Katika mpini halisi misokoto imekaa kwa mpangilio, mishono ya kalibu haionekani kirahisi, na rangi imechakaa pale mkono ulipokuwa ukishika, si kila mahali kwa usawa. Bandia huwa na misokoto iliyovimba, na rangi iliyokwanguliwa makusudi mahali ambapo hakuna mkono ungefika. Tazama pia kitufe kinachoshikilia upanga ndani ya ala: kibonyeze. Kile cha kiwanda cha jeshi kinabofyeka na kurudi, wakati cha bandia mara nyingi kiko pale kwa sura tu. Mfereji unaopita kwenye ubavu wa bapa nao uutazame unapoishia karibu na ncha, kwa kuwa kwenye bandia nyingi huishia kombo au kwa kina kisicholingana upande na upande. Namba zenyewe ziwe zimegongwa kwa mhuri, za kimo kimoja, zimesimama wima. Zilizochongwa kwa mkono moja moja zikuache na mashaka. Mwisho wa vita Wajapani walibana matumizi wakatoa mpini wa mbao tupu wenye mikato, na kikingio cha chuma. Upanga wa namna hiyo unaonekana mbovu na unaweza kuwa halali kabisa.

Upanga wa ofisa unajisema ukiwa umevuliwa. Muombe mwenye nao ruhusa, na akikataa katakata, rudi nyumbani na pesa zako. Tandika kitambaa mezani. Tafuta tundu kwenye mpini lenye kigingi cha mwanzi, kisukume kutoka upande mwembamba kwa kijiti cha mwanzi au cha shaba, kamwe si kwa msumari. Kisha shika mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likiwa wima na makali yakitazama mbali nawe, na ugonge kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono wa kulia, polepole. Bapa litalegea lenyewe. Ukilivuta juu utaona mkia wake, ile sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya mbao miaka 80.

Mkia huo ndio cheti. Kutu yake iwe ya hudhurungi iliyoiva kuelekea weusi, iliyotulia, bila unga. Kutu ya rangi ya chungwa inayobaki kidoleni ni ya juzi, na mara nyingi imetiwa kwa dawa. Angalia maandishi: yakiwa yamekatwa kabla ya kutu, kutu imeshuka ndani ya kila mkato. Yakiwa yamekatwa juu ya kutu, ndani ya mikato chuma kinameta. Hapo huhitaji kujua Kijapani. Na ukitaka kujua kidogo, jifunze tarakimu tu: moja, mbili na tatu ni mistari ya kulala, kumi ni msalaba, nane ni mistari miwili iliyoachana kama paa. Miaka ya vita huhesabiwa kwa enzi ya Showa, na ukiongeza 1925 unapata mwaka wetu. Msalaba ukifuatwa na paa ni 18, yaani 1943.

Karibu na jina la mfuaji unaweza kuona mhuri mdogo. Wenye maandishi ya Seki, mji wa mkoa wa Gifu uliotoa sehemu kubwa ya panga za vita, au wenye herufi ya Showa ndani ya duara, kwa kawaida unaeleza kwamba chuma ni cha kiwandani na kilizimwa kwenye mafuta. Si kasoro, ni upanga halisi wa vita na ndio unaolingana na mfuko wetu. Mhuri wa nyota ni habari nyingine: hao walikuwa wafuaji walioajiriwa na jeshi wafue kwa njia ya kale, na bei hupanda mara kadhaa. Ukiona nyota kwa bei ya upanga wa Seki, rudi kuitazama kutu mara ya pili.

Kuhusu ule mstari wa mawimbi kando ya makali, zima taa zote uache balbu moja, kisha inamisha bapa kidogo kidogo chini yake. Mstari unaotokana na moto na kuzimwa una kina, unang'aa mahali na kufifia mahali, na ndani yake mna vipunje kama ukungu. Uliochorwa kwa asidi ni mweupe ule ule popote ulitazamapo, kama maziwa yaliyomwagika kwenye kioo.

Ukimaliza chuma, omba karatasi. Hapa watu hutoa nishani wakadhani wamemaliza. Nyota ya Burma ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa nyota za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina la mwenyewe, na nakala zake zimezagaa. Kinachofaa ni cheti cha kuruhusiwa kuondoka jeshini chenye namba ya askari na kikosi chake, barua, picha ya wakati ule yenye upanga ndani yake. Kikosi kilichotajwa kiwe kilifika Burma kweli. Na hata karatasi zikikamilika, zinathibitisha kwamba mzee alikwenda vitani. Hazithibitishi kwamba upanga huu ulirudi naye. Lipa bei ya chuma. Hadithi isiyo na karatasi iandike kama ulivyoambiwa, na jina la aliyekusimulia, lakini usiongeze hata mia mbili kwa ajili yake.

Namna ya kuingia nyumba ya watu nayo ni sehemu ya kazi. Bungoma, usianze na upanga. Unaingia na “Mulembe, kukhu” (amani, bibi), unauliza habari za wajukuu, chai inakuja, na mzee wa nyumba kama yupo ndiye wa kwanza kuzungumza naye. Kijana aliyekupigia simu si mwenye mali hata kama ndiye anayeshika funguo. Vitu vya marehemu ni vya ukoo, na nimeona kwa macho yangu biashara iliyofungwa Jumamosi ikifunguliwa tena Jumatatu na ami aliyetoka Nairobi akiwa amekasirika. Andikeni karatasi fupi, wenye mali watie sahihi zaidi ya mmoja, na wewe uwaachie nakala na picha ya upanga. Usifanye biashara kwenye matanga. Na ukijua kitu kina thamani kuliko bei uliyotajiwa na mjane, mwambie. Mkusanyaji akipata sifa ya kuwapunja wajane wa Webuye hataletewa kitu tena kutoka Webuye hadi Malakisi, na atakuwa amestahili.

Kwa wanaonunua kwa wauza skrapu, Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Chukua risiti. Upanga ulioibwa kwenye nyumba ya mtu ukipatikana kwako bila risiti, mapenzi yako ya historia hayatakusaidia kituoni.

Kununua ng'ambo kunaonekana rahisi, na bei huko ni za wazi: upanga wa sajini wa heshima huanzia kama dola 500, zaidi ya shilingi elfu sitini. Nyingi ziko Marekani, Uingereza na Australia. Japani kwenyewe panga za viwandani haziwezi kusajiliwa kisheria, kwa hiyo mtu anayedai kukutumia moja kutoka Tokyo kwa bei ya kutupa ana maelezo ya kutoa. Tatizo kubwa liko mlangoni petu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki imeweka silaha za Sura ya 93 ya orodha ya bidhaa miongoni mwa vitu vyenye vizuizi, na panga ziko ndani ya sura hiyo. Kitu kilichozidi miaka 100 huhesabiwa kuwa cha kale na huingia sura nyingine, lakini upanga wa 1943 bado haujafika. Muone wakala wa forodha, upate ruhusa kwa maandishi, uulize ushuru na ada zote, ndipo ulipe. Uliza pia kampuni ya usafirishaji kama inabeba panga. Na mtu asiyejulikana akitaka arubuni kwa M-Pesa ili “akuwekee”, mwache amwekee mwingine.

Hapa nchini, sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, mwaka uleule Wabukusu walipopigana na Waingereza kwenye ngome ya Chetambe. Upanga wa Kijapani wa vita vya pili haumo. Mkuki uliofuliwa kabla ya mwaka huo umo, na kuutoa nchini bila kibali ni kosa. Vilevile, panga zenye pembe ya ndovu au ya kifaru kwenye mpini, kama baadhi ya jambia za Uarabuni, usiziguse hata ukipewa bure. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haicheki na mtu. Na upanga wowote unaousafirisha ufunge kwa turubai, uwe na risiti yake. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu, na nyuma ya bodaboda upanga hautazamwi kama kumbukumbu.

Ukinihesabia shilingi elfu ishirini ukaniuliza uanzie wapi, sitakuambia uweke akiba ya upanga. Anza na vitu vinavyozunguka upanga. Wajapani walichapa rupia za kutumia Burma, noti zisizo na namba bali zenye herufi, na herufi ya kwanza ya noti za Burma ni B. Za Malaya zina M. Baada ya vita hazikuwa na kazi, askari walizibeba kama kumbukumbu, na hadi leo nyingi huuzwa kwa dola chache. Hizi ndizo nadhani kweli ziko kwenye masanduku ya Bungoma, zimekunjwa ndani ya Biblia. Beji ya kifaru, kadi za barua, picha za studio za Keya: hivyo vyote havihitaji forodha wala turubai. Singe ya Kijapani ya mtindo wa 1897, yenye ndoano kwenye kikingio na mhuri wa kiwanda, itakufundisha kusoma mihuri kwa gharama ndogo kuliko upanga, ingawa kuiagiza kutoka nje kuna maswali yaleyale ya forodha.

Kabla ya yote, tembelea Makumbusho ya Kitale. Yalitokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote na kuviachia nchi, na milango ilifunguliwa kwa umma mwaka 1974. Huendi kuwauliza bei. Hiyo si kazi yao. Unaenda kutazama jinsi kitu kinavyoandikiwa: kilipatikana wapi, lini, kwa nani. Daftari lako liwe hivyo hivyo, na picha kila upande, rula ikiwa kando.

Ukishakuwa na upanga, adui aliyebaki ni fundi. Mafundi wa jua kali watakuonea huruma wakitaka kuung'arisha kwa grainda au msasa, na kwa dakika kumi watafuta mstari wa makali, ncha na nusu ya thamani. Mkia wa bapa usiguswe hata kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: kutu yake ni saini. Bapa peke yake pangusa vumbi kwa kitambaa laini cha pamba, kisha upake mafuta mepesi ya cherehani, utando mwembamba tu, na urudie kila miezi michache, mara nyingi zaidi wakati wa mvua za Kitale. Mafuta ya kupikia huganda, vaselini hukamata vumbi. Kama ala ina kifuniko cha ngozi, usiache upanga humo msimu mzima wa mvua, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuurudishia chuma. Ulaze mahali pakavu, makali yakitazama juu, mbali na watoto, na kigingi cha mwanzi ukirudishe kila unapoufunga mpini, maana bila hicho bapa huchomoka mkononi mwa mgeni wa kwanza atakayeomba kuushika.